Viti maalum, theluthi mbili na kiti cha urais: tukisema wanawake wanatawala, tunasema nini hasa?

Tangu Samia Suluhu Hassan aapishwe kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, swali moja limekuwa likirudi barazani, kwenye makundi ya WhatsApp na katika vipindi vya redio: ikiwa nchi inaongozwa na mwanamke, viti maalum vya wanawake bungeni ni vya nini tena? Nchini Kenya swali hilo huja kwa sura nyingine: ikiwa kila kaunti ina mwakilishi wa kike, na uchaguzi wa mwaka 2022 ulitoa magavana saba wanawake, kwa nini bado watu wanakwenda mahakamani kudai theluthi ya viti vya bunge? Wanaouliza wana haki ya kuuliza. Hata hivyo, maswali yote mawili yanaweka katika kapu moja mambo ambayo katiba zenyewe zimeyatenga, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Tuanze na maneno. Kuwakilisha ni kuwasemea wapiga kura katika chombo kinachotunga sheria na kuihoji serikali. Mbunge anawakilisha, awe wa jimbo au wa viti maalum. Kutawala, kwa maana ya kiserikali, ni kushika madaraka ya kuamua na kutekeleza: kuteua watu, kugawa fedha za umma, kutia saini na kutoa amri. Rais, waziri mkuu, waziri na gavana wako katika kundi hili. Kuna pia cheo cha heshima, ambacho mwenye nacho ni alama ya taifa ilhali maamuzi yanafanywa na mwingine. Sahle-Work Zewde alikuwa Rais wa Ethiopia kuanzia mwaka 2018 hadi 2024, lakini madaraka ya serikali yalikuwa kwa waziri mkuu. Mtu anayehesabu marais wanawake wa Afrika bila kutenganisha mambo haya atapata idadi sahihi na picha isiyo sahihi.

Kwa hiyo, unapokutana na mwanamke aliye katika cheo chochote cha kisiasa, kuna mambo matatu ya kuuliza: nani amemweka pale, nani anaweza kumwondoa, na sheria inamruhusu kuamua nini. Majibu ya maswali hayo yanaeleza mengi kuliko idadi ya vitambaa vinavyoonekana bungeni siku ya bajeti.

Kwanza tuelewe kwa nini viti vya namna hii vipo. Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda zote zinatumia utaratibu wa jimbo moja, mshindi mmoja. Chama kinaweka mgombea mmoja tu kwa kila jimbo. Kamati inayopitisha majina, hata ikiwa na nia njema kiasi gani, haiwezi kugawa nafasi moja kati ya mwanamume na mwanamke; itampitisha yule inayemwona ana fedha, jina na mtandao, na katika nchi zetu mtu huyo mara nyingi amekuwa mwanamume. Matokeo yake ni kwamba katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 2015 na ule wa 2020, wanawake walioshinda majimbo hawakufikia asilimia 10 ya majimbo yote 264. Hii ndiyo hali ambayo viti maalum viliwekwa kuirekebisha, na ndiyo maana kupatikana kwa Rais mwanamke hakuviondolei sababu: urais ni kiti kimoja, na kilipatikana kwa njia nyingine kabisa, kama tutakavyoona.

Katika Tanzania, viti vya wanawake vilianza kwa kiwango kidogo. Mwaka 1985 vilikuwa 15. Baadaye vikapimwa kwa asilimia, vikapanda hatua kwa hatua, na tangu mwaka 2005 Katiba inataka visipungue asilimia 30. Katika Bunge la 2015 na la 2020 vilikuwa 113. Juu ya hivyo, Rais anaruhusiwa kuteua wabunge wasiozidi 10, na kati yao angalau watano lazima wawe wanawake. Watu wengi huchanganya makundi haya mawili na kudhani kwamba wabunge wa viti maalum huteuliwa na Rais, jambo ambalo si kweli.

Wanapatikanaje basi? Ibara ya 78 ya Katiba inatoa nafasi kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge. Kila chama kinachotimiza sharti hilo kinawasilisha orodha ya majina kwa Tume ya Uchaguzi, na Tume inagawa viti kwa uwiano wa kura. Namna chama kinavyopanga majina katika orodha ni shauri la chama chenyewe; CCM hutumia mikutano ya jumuiya yake ya wanawake, UWT, ambako wajumbe hupiga kura kabla ya vikao vya juu kupitisha majina. Hapa dhana ya kwanza potofu inaanguka. Husemwa kwamba viti hivi ni vya bure na kwamba mwananchi hana sauti navyo. Sauti anayo, ila inapita mlango wa nyuma: kura yako ya ubunge inahesabiwa kwanza kwa ajili ya jimbo lako, kisha inahesabiwa tena katika jumla ya kitaifa inayogawa viti maalum.

Uchaguzi wa mwaka 2020 ulionyesha jambo hili waziwazi, ingawa matokeo yake yalipingwa vikali na upinzani. Kwa matokeo yaliyotangazwa, ACT-Wazalendo ilipata majimbo manne na haikupata kiti maalum hata kimoja. Chadema ilipata jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, lakini ikastahili viti maalum 19, vilivyobaki 94 vikienda CCM. Kinachoamua ni kura za nchi nzima, wala si idadi ya majimbo ambayo chama kimeshinda. Na jimbo hilo moja la Chadema, kwa taarifa ya wanaoamini kwamba mwanamke hawezi kupambana jimboni, lilichukuliwa na mwanamke, Aida Khenani.

Sasa tuje kwenye swali la pili, la nani anaweza kumwondoa, kwa sababu hapa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa mfumo huu. Kwa mujibu wa ibara ya 71, mbunge yeyote anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza ubunge. Sheria hiyo haichagui; inamgusa wa jimbo na wa viti maalum sawasawa. Tofauti iko katika gharama. Chama kikimfukuza mbunge wa jimbo, kinakabiliwa na uchaguzi mdogo ambao kinaweza kushindwa. Kikimfukuza wa viti maalum, hakuna uchaguzi. Nafasi inajazwa kutoka katika orodha ile ile. Kwa lugha ya uwanjani, kumtoa mbunge wa jimbo ni kulazimika kurudia mechi, na kumtoa wa viti maalum ni kocha kuinua kibao na kumwingiza aliyekuwa benchi. Wachezaji wote wawili wanavaa jezi moja na wanalipwa mshahara ule ule, lakini ni mmoja tu anayecheza huku akimtazama kocha kila baada ya dakika mbili.

Ndiyo maana sakata la wabunge 19 wa Chadema liliwachanganya watu kiasi kile. Wanawake hao, wakiongozwa na Halima Mdee, waliapishwa tarehe 24 Novemba 2020. Chama chao kikasema hakikuwasilisha majina yao, na siku tatu baadaye Kamati Kuu ikawavua uanachama. Kwa kusoma ibara ya 71 peke yake, mwananchi alitarajia waondoke bungeni mara moja. Hawakuondoka. Walikata rufaa ndani ya chama, rufaa ikakataliwa na Baraza Kuu mwaka 2022, wakaenda Mahakama Kuu, na kwa muda wote huo waliendelea kukaa bungeni hadi Bunge lile lilipofikia ukomo. Wengine waliliona jambo hilo kama kinga ya haki ya mtu kusikilizwa, wengine wakaliona kama hila ya kisiasa dhidi ya upinzani. Kwa maoni yangu, sakata lile lilifichua jambo lililokuwapo siku zote: mbunge wa viti maalum hana kundi la wapiga kura linaloweza kusimama na kusema “huyu ni wetu”, na kwa hiyo ugomvi juu ya uhalali wake huamuliwa na vikao, maspika na majaji.

Swali la tatu, la anaruhusiwa kuamua nini, lina majibu yasiyojulikana sana. Mbunge wa viti maalum anachangia hoja, anapiga kura, anaingia kwenye kamati na anaweza kuteuliwa kuwa waziri. Hata hivyo, hasimamii Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, kwa kuwa hana jimbo. Zaidi ya hapo, ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge waliochaguliwa katika majimbo. Kwa hiyo mwanamke anaweza kukaa bungeni miaka 20 kwa viti maalum, akawa hodari kuliko wote, na bado akawa hana sifa ya kikatiba ya kuwa Waziri Mkuu. Ni ajabu kwamba kifungu hiki hakizungumzwi zaidi.

Hiyo haina maana kwamba viti hivi ni mwisho wa safari. Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kupitia viti maalum, akawa waziri visiwani, kisha mwaka 2010 akagombea na kushinda jimbo la Makunduchi. Tulia Ackson aliingia bungeni mwaka 2015 kwa uteuzi wa Rais, akashinda jimbo la Mbeya Mjini mwaka 2020 na kuwa Spika mwaka 2022. Kwa baadhi ya wanawake, kiti kisicho cha jimbo kimekuwa daraja. Kwa wengine kimekuwa makazi ya kudumu, na lawama ya kwamba majina ni yale yale kila baada ya miaka mitano haikutoka hewani.

Tuvuke mpaka. Kenya ilichagua njia nyingine, na mkanganyiko wake ni wa aina nyingine. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 27(8) na ya 81, inasema kwamba wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa wasizidi theluthi mbili za jinsia moja. Soma vizuri: haikutaja wanawake. Imeweka dari kwa jinsia yoyote, na siku moja ikitokea kaunti yenye wawakilishi wanawake watupu, dari hiyo hiyo itawagusa wao. Kanuni hii hufanya kazi kwa manufaa ya wanawake kwa sababu moja tu, kwamba wanaume ndio waliozidi.

Kuna pia viti 47 vya mwakilishi wa kike wa kaunti katika Bunge la Taifa. Watu wengi, hata wanaopiga kura, hudhani kwamba hivi ni viti vya uteuzi, au kwamba mwenye kiti anawakilisha wanawake peke yao. Ukweli ni kwamba wanaogombea ni wanawake, lakini wanaopiga kura ni wapiga kura wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Mwakilishi wa Nairobi anatafuta kura katika majimbo 17, wakati mbunge wa kawaida anatafuta katika jimbo moja. Kwa swali letu la nani amemweka, huyu ana jibu lenye nguvu kuliko wabunge wengi wanaomwita “mbunge wa maua”. Kinachompunguzia nguvu ni swali la tatu: hazina ya maendeleo ya eneo bunge iko kwa mbunge wa eneo hilo, na mwakilishi wa kike ana hazina tofauti iliyo ndogo zaidi.

Kwa nini basi theluthi haijatimia? Hesabu ni nyepesi. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika: 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wa kike na 12 wa kuteuliwa na vyama. Ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, wanawake wanapaswa kufika 117. Ukiwa na 47 mkononi, bado unahitaji 70, na uchaguzi wa mwaka 2022 ulipeleka wanawake takriban 30 tu kutoka maeneo bunge. Katika mabunge ya kaunti Katiba ilitoa dawa kwenye ibara ya 177: baada ya uchaguzi idadi inahesabiwa, na viti vya ziada vinaongezwa mpaka dari iheshimiwe. Kwa Bunge la Taifa na Seneti, Katiba ilitaja matokeo yanayotakiwa bila kutaja njia ya kuyafikia. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilishauri kwamba kanuni itekelezwe hatua kwa hatua na kuweka kikomo cha tarehe 27 Agosti 2015. Wabunge waliongeza mwaka mmoja, kisha miswada ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Ule wa mwaka 2019 ulikosa kura 233 zinazohitajika kubadili Katiba. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Ushauri ulisimamishwa mahakamani, Bunge likamaliza muda wake, na jingine likachaguliwa likiwa na upungufu ule ule. Wanaosema kwamba wanawake wa Kenya wameshindwa kuitumia Katiba wanasahau kwamba wanaotakiwa kupitisha sheria ya kupunguza wingi wa wanaume ni bunge lenye wingi wa wanaume.

Rwanda hutajwa katika kila mjadala wa namna hii, kwa hiyo inafaa kueleza inavyofanya. Baraza la Wabunge lina viti 80. Kati ya hivyo, 24 ni vya wanawake na huchaguliwa na wajumbe maalum, 53 hupatikana kwa orodha za vyama, viwili ni vya vijana na kimoja cha watu wenye ulemavu. Wanawake walivuka nusu mwaka 2008, wakafikia karibu asilimia 64 mwaka 2013. Viti 24 peke yake visingetosha kufika huko. Kilichosaidia ni orodha: chama kinapopeleka majina mengi kwa wakati mmoja, kupanga mwanamke baada ya mwanamume kunawezekana, jambo lisilowezekana pale panapotakiwa jina moja. Burundi nayo inatumia orodha, na wanawake wakipungua chini ya asilimia 30, pengo linajazwa baada ya uchaguzi. Lakini tusichanganye tena maneno yetu: wingi wa wanawake katika Bunge la Rwanda unatueleza nani wameketi, na hautuelezi Bunge hilo lina ubavu kiasi gani mbele ya Rais.

Turudi kwenye urais wa Tanzania, maana uvumi juu yake ni mwingi. Mwaka 2021 walikuwapo waliosema kwamba Samia hakuchaguliwa na mtu. Mgombea mwenza hupigiwa kura pamoja na mgombea urais, kwenye karatasi moja, na ibara ya 37(5) inasema Rais akifariki Makamu ataapishwa na kumalizia muda uliobaki. Malawi ilipita njia hiyo mwaka 2012, Joyce Banda alipochukua nafasi ya Bingu wa Mutharika. Wengine nao husema kwamba muda wa kumalizia hauhesabiki. Unahesabika. Ibara ya 40(4) inasema aliyemalizia chini ya miaka mitatu anaweza kugombea mara mbili, na aliyemalizia miaka mitatu au zaidi anaweza kugombea mara moja tu. John Magufuli alifariki Machi 2021, miezi michache baada ya kuanza kipindi chake cha pili, hivyo muda uliobaki ulizidi miaka mitatu kwa mbali. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ndio uliokuwa huo wa mara moja.

Uchaguzi huo umeimaliza dhana nyingine, ile ya kwamba mama akitawala mambo yatakuwa mapole kwa sababu ni mama. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi za kura, mwenyekiti wake alikuwa mahabusu akikabiliwa na kesi ya uhaini, na siku ya kupiga kura ilifuatiwa na ghasia, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Urais alioukuta Samia una madaraka yale yale waliyokuwa nayo waliomtangulia chini ya Katiba ya mwaka 1977, na hauna kifungu kinachoyapunguza kwa sababu ya jinsia ya anayeyashika. Anayetaka kujua serikali itafanya nini asome madaraka, asisome khanga. Kinyume chake pia ni kweli: makosa ya Rais mwanamke hayathibitishi chochote kuhusu wanawake, kama vile makosa ya marais wanaume hayajawahi kutumika kuwazuia wanaume kugombea.

Kuhusu hoja ya kwamba utawala wa mwanamke ni jambo la kigeni kwa mila zetu, sitakaa nayo sana. Masimulizi ya Mombasa yanaanza na Mwana Mkisi, na mwishoni mwa karne ya 17 Unguja ilitawaliwa na Malkia Fatuma, aliyepelekwa uhamishoni Omani baada ya Wareno kupoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698.

Je, kuna njia ya kumpa mwanamke kiti ambacho wapiga kura wenyewe wamemkabidhi, bila kumtegemeza kwenye orodha ya chama? Rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, mwaka 2013, ilipendekeza kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wakichaguliwa na wananchi. Viti maalum vingefutika, na pamoja navyo ile tofauti ya mbunge wa jimbo na mbunge asiye na jimbo. Wapinzani wa wazo hilo walitaja gharama na ukubwa wa majimbo ambayo yangelazimika kuunganishwa, na hoja hizo zina uzito. Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalum mwaka 2014 ilibakiza shabaha ya usawa wa idadi, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika hadi leo. Viti maalum vinaendelea kugawiwa kwa ibara ile ile ya 78.